Mmumunye hauzai, taa inawaka

*Mimea ya kutambaa inayochanua usiku inapendeza ukutani, inanukia na mingine inalisha. Lakini imezungukwa na ubishi: wa nyoka, wa mbu, wa mwizi na wa jirani asiyezima taa.*

Mmumunye umepandwa pembeni mwa tangi la maji. Umeparamia ukuta, umepita juu ya seng'enge, na sasa matawi yake yananing'inia upande wa barabara. Kila jioni unatoa maua meupe, na nyuma ya baadhi ya maua hayo kuna kitunda kichanga chenye vinyweleo. Zinapita siku chache, kitunda kinageuka njano, kinasinyaa, kinadondoka.

Kwenye duka la pembejeo mwenye nyumba anaambiwa anunue mbolea ya busta. Shemeji yake anamwambia aongeze samadi ya kuku. Jirani anashikilia kwamba mmea wenyewe ni dume, ung'olewe. Hakuna anayeitaja taa kubwa nyeupe iliyofungwa juu ya nguzo ya geti, hatua chache kutoka kwenye maua, inayowaka tangu Magharibi hadi Alfajiri.

Nyumba za namna hii hazikosekani Tegeta, Chanika, Bamburi wala Fuoni. Kiwanja ni kidogo, kwa hiyo bustani inapandishwa ukutani. Ukuta unalinda mali, kwa hiyo unamulikwa. Mambo hayo mawili yakikutana, unaoumia ni mmea uliozoea kufanya kazi gizani.

Ubishi juu ya mimea hii ulikuwapo kabla ya umeme. Imesingiziwa nyoka na majini. Imesifiwa kwa harufu, kivuli na mboga. Jipya ni kwamba usiku wenyewe, ambao mimea hii inautegemea, umeanza kupungua katika makazi ya watu.

Zamu ya usiku

Boga na mumunye ni ya ukoo mmoja, lakini zamu zao ni tofauti. Ua la boga ni la njano. Hufunguka alfajiri na kufunga kabla ya adhuhuri, na nyuki ndiye mhudumu wake. Ua la mumunye ni jeupe. Hufunguka jioni, nyuki wakiwa wamesharudi mzingani, na kesho yake asubuhi huanza kunyauka.

Mmumunye mmoja hubeba maua dume na maua jike. Ua jike hutambulika kwa kile kitunda kichanga kilicho nyuma yake. Kisipopata chavua kutoka ua dume kabla ua halijanyauka, hakuna mbolea itakayokiokoa. Anachokiona mwenye nyumba kuwa ugonjwa mara nyingi ni ua lililokosa mgeni.

Mgeni huyo ni nani? Mwaka 2004 mtafiti Yasuyuki Morimoto na wenzake walichapisha uchunguzi wao juu ya wadudu wanaotembelea maua ya mimumunye nchini Kenya. Miongoni mwa wageni wa maua hayo wamo nondo wa usiku, hasa wale wakubwa wenye mwili mnene na mrija mrefu wa kunyonyea.

Mmoja wao anayeonekana karibu kila pembe ya Afrika ni Agrius convolvuli. Akikunjua mabawa hufikia takriban sentimita 10 kutoka ncha hadi ncha. Rangi yake ni ya majivu, ila tumbo lina mistari ya waridi. Hatui juu ya ua. Husimama hewani mbele yake, hukunjua mrija ulio mrefu kuliko mwili wake na kunyonya nekta. Chavua hubaki usoni na mwilini mwake, naye huipeleka ua linalofuata.

Wadudu wa ukoo huo wana historia katika elimu ya viumbe. Mwaka 1862 Charles Darwin alitazama okidi ya Madagaska yenye mrija wa nekta wa urefu wa karibu sentimita 30, akasema lazima yuko nondo mwenye ulimi wa kuufikia mwisho wake. Hakuishi kumwona. Nondo huyo alielezwa rasmi mwaka 1903, na jamaa yake wa karibu, Xanthopan morganii, anaruka huku kwetu Afrika Mashariki.

Ukiyatazama maua yanayowangojea nondo hawa utaona yanafanana tabia. Ni meupe au yamefifia rangi, ili yaonekane kwenye mwanga hafifu wa nyota. Hayana shughuli na kipepeo wa mchana. Na harufu yake hupanda jua linapozama, kwa sababu harufu ndiyo inayosafiri mbali wakati macho hayafiki.

> Anachokiona mwenye nyumba kuwa ugonjwa mara nyingi ni ua lililokosa mgeni.

Kutoka kikuba hadi tunda la joka

Watu wa mwambao waliijua ratiba hiyo bila kufundishwa na mtu. Asumini, ambayo wataalamu huiita Jasminum sambac, ina asili ya Asia, lakini imekaa nyumbani kwa watu wa Unguja, Pemba, Lamu na Mombasa kwa vizazi. Huchumwa alasiri, matumba yakiwa bado yamefumba. Hutungwa uzi au huunganishwa na rihani na mkadi kuwa kikuba. Usiku matumba yanafunguka yakiwa tayari kifuani au kwenye nywele za mwanamke. Anayesubiri kuchuma asubuhi hukuta maua yameshachoka.

Asumini si mtambaazi mwenye nguvu. Huegemea zaidi kuliko kupanda, na bila kukatwa hugeuka kichaka. Anayetaka kufunika ukuta wote hutafuta mmea mwingine.

Wapo wanaochagua Combretum indicum, mmea wa vichala unaoonekana kwenye mageti mengi ya Dar es Salaam na Mombasa. Wengi huusifu kwa kuwa na maua ya rangi tatu kwenye kichala kimoja, bila kujua kwamba ni ua lile lile katika umri tofauti. Jioni linafunguka jeupe na nondo wanalijia. Siku inayofuata limegeuka waridi, kisha linakuwa jekundu, na wageni wa mchana wanapata nafasi yao.

Anayetaka ua la kuwakalisha watu kibarazani hupanda Ipomoea alba, ua kubwa jeupe la duara ambalo mataifa kadhaa yamelipa jina la mwezi. Ni ndugu wa kiazi kitamu. Tumba lake lililosokotwa hufunguka giza likiingia, mara nyingi kwa dakika moja au mbili tu, likatandazika hadi sentimita 15, na asubuhi likajikunja lisifunguke tena.

Mmea huo una kazi ya zamani isiyohusiana na bustani. Mwaka 1999 watafiti wa Marekani walieleza katika jarida la Science kwamba wenyeji wa kale wa Mexico na nchi jirani walichanganya maji ya Ipomoea alba na utomvu wa mti wa mpira ili kupata mpira unaodunda. Walikuwa wakifanya hivyo kufikia mwaka 1600 kabla ya Kristo, zaidi ya miaka 3,000 kabla ya viwanda vya Ulaya na Marekani kugundua njia yao ya kuimarisha mpira.

Mgeni wa karibuni zaidi ni pitaya, ambalo wauza matunda huliita tunda la joka. Mmea wake ni mpungate wa kutambaa kutoka Amerika ya Kati na Mexico, na miaka ya karibuni umeingia kwenye mashamba na nyumba za Kenya na Tanzania. Ua lake linaweza kufikia sentimita 30. Linachanua usiku mmoja tu, na jua likiwa kali limeshalegea.

Mmumunye ndio mwenyeji. Asili yake ni bara hili hili, na kabla ya plastiki maji, maziwa, asali na pombe vilihifadhiwa kwenye vibuyu vyake. Kati ya mitano hiyo, ni mmumunye na mpungate tu inayopandwa kwa ajili ya kula, na ndiyo miwili ambayo kukosa mgeni wa usiku kunaonekana wazi: asumini isiyochavushwa hunukia vilevile, lakini ua jike la mmumunye lisilochavushwa halitoi kitu.

Nyoka, majini na mbu

Hata hivyo, kabla ya kufika kwenye taa, anayepanda mmea wa namna hii atakutana kwanza na wazee. Katazo linajulikana pwani yote: asumini isikaribiane na dirisha la chumba cha kulala, harufu yake huita nyoka. Wengine huongeza majini.

La majini tuwaachie wenye elimu yake. La nyoka linachunguzika. Nyoka hunusa kwa ulimi. Huuchomoa, hukusanya chembe za harufu na kuzipeleka kwenye kiungo maalumu kilicho juu ya kinywa. Anachotafuta ni harufu ya mawindo na ya nyoka mwenziwe. Nekta si chakula chake, na ua halina la kumpa.

Lakini panya ana sababu ya kukaa kwenye mtambao mnene. Mjusi, chura na ndege wadogo pia. Kichaka kilichoshonana ukutani, chenye majani makavu chini na matawi yanayogusa paa, ni ghala la chakula cha nyoka na ni ngazi ya kumfikisha darini. Ukukwi, nyoka mwembamba wa kijani asiye na madhara kwa binadamu, hupenda sehemu kama hiyo. Pwani yupo pia nyoka mwingine wa kijani wa mitini, ambaye sumu yake inaua, na mtu wa kawaida hapaswi kujaribu kuwatofautisha kwa karibu.

Kwa hiyo wazee walikosea sababu, hawakukosea hatari. Dawa yake ni mkasi. Mtambao uliopunguzwa ukapitisha mwanga wa mchana, ulioinuliwa nusu mita kutoka ardhini na usiogusa paa, hauna pa kumficha panya wala anayemfuata panya.

> Wazee walikosea sababu, hawakukosea hatari. Dawa yake ni mkasi.

Mbu nao wana hoja yao. Watafiti wa kituo cha icipe, Nairobi, wameonyesha kwamba mbu wa malaria hunyonya pia utamu wa mimea, likiwamo gugu la Parthenium, na kwamba utamu huo huwasaidia kuishi. Majani mengi yenye kivuli ni mahali pao pa kupumzikia mchana.

Lakini mbu hazaliwi kwenye ua. Anazaliwa kwenye maji, na mwenye bustani ndiye anayeyaweka: kwenye kisahani cha chungu, kwenye ndoo iliyosahauliwa, kwenye tairi. Dar es Salaam, iliyopata milipuko ya homa ya dengi mwaka 2014 na 2019, haina sababu ya kusamehe visahani hivyo. Mtambao upandwe ardhini au kwenye chombo kinachopitisha maji yote, na usisogezwe karibu na dirisha lisilo na wavu.

Na kuna hatari inayotajwa kidogo kuliko nyoka. Mimea mingine inayonukia usiku, ambayo huuzwa pamoja na hii ya kutambaa, ni sumu. Mnanaha na jamaa zake wenye maua ya tarumbeta yanayoning'inia ni sumu toka mbegu hadi jani. Nyumba yenye mtoto anayetambaa au mbuzi wa kufugwa haina haja nao.

Taa ya geti

Baada ya hofu hizo kuwekwa mahali pake, linabaki la taa. Wenye taa wana haki ya kusikilizwa. Mtu aliyevunjiwa mara moja hashawishiki kwa habari za nondo. Mlinzi anataka kumwona anayekuja. Akina mama wanaorudi usiku wanataka njia yenye mwanga. Na taa za siku hizi, hasa za sola, ni nafuu kuziacha zikiwaka usiku kucha.

Upande wa pili kuna ushahidi unaozidi kukusanyika. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017, Eva Knop wa Chuo Kikuu cha Bern na wenzake walifunga taa za barabarani kwenye malisho ya Uswisi ambayo hayakuwahi kumulikwa, wakayalinganisha na malisho yaliyobaki gizani. Ziara za wadudu wa usiku kwenye maua zilipungua kwa asilimia 62. Mmea mmoja waliouchunguza kwa karibu ulipunguza matunda kwa asilimia 13, ingawa ulikuwa ukitembelewa na wadudu wa mchana pia.

Jambo la mwisho hilo ndilo la kuzingatiwa. Ikiwa mmea wenye wageni wa zamu mbili ulipungukiwa, mmea ambao ua lake linaishi usiku mmoja una pa kukimbilia padogo zaidi.

Kwa nini taa inawapoteza wadudu? Uchunguzi uliotoka mwaka 2024 katika jarida la Nature Communications ulitumia kamera za kasi kuwafuata wadudu wanaozunguka taa. Watafiti waliona kwamba mdudu anayeruka huuelekeza mgongo wake upande wa mwanga. Kwa mamilioni ya miaka mwanga wa usiku ulitoka juu, angani, na kufanya hivyo kulimsaidia kujua juu ni wapi. Taa ya balbu inamdanganya. Anabaki akizunguka hadi achoke au aliwe na mjusi wa ukutani.

> Ziara za wadudu wa usiku kwenye malisho yaliyomulikwa zilipungua kwa asilimia 62.

Moshi wa magari pia umo kwenye kesi. Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, walieleza katika Science kwamba kemikali inayotokana na hewa chafu huvunja harufu ya ua la usiku kabla haijamfikia nondo. Ziara za nondo kwenye maua waliyoyafanyia majaribio zilishuka kwa asilimia 70. Anayeishi kando ya barabara kuu anaweza kuzima taa zake zote na bado akawa na nusu ya tatizo.

Mambo hayana upande mmoja, hata hivyo. Kusini mwa Vietnam wakulima wa pitaya huning'iniza balbu shambani na kuziwasha usiku katika miezi ambayo usiku ni mrefu. Mpungate huo huchanua mchana unaporefuka, kwa hiyo taa huudanganya ukatoa maua nje ya msimu. Mtu anaweza kuuliza: mbona wao wanavuna?

Jibu ni kwamba taa yao inaamsha ua, haichavushi. Aina ya nyama nyeupe inayolimwa sana huko huweza kujichavusha yenyewe. Aina nyingi za nyama nyekundu haziwezi. Zinahitaji chavua ya mmea tofauti. Katika nchi za asili yake kazi hiyo hufanywa na popo na nondo. Huku kwetu nyuki wanaweza kuwahi ua alfajiri kabla halijafunga, lakini mkulima anayetaka uhakika hutoka usiku na brashi.

Nondo naye ana kesi

Anayemtetea nondo lazima aseme ukweli wote. Yule Agrius anayehudumia maua meupe usiku ndiye mzazi wa kiwavi mnene mwenye pembe mkiani anayekula majani ya viazi vitamu. Akina mama wanaouza matembele wanamjua. Viwavi wakiwa wengi, tuta linaweza kubaki vikonyo vitupu.

Hapa maslahi yanagongana kweli. Mkulima wa matembele anapiga dawa kulinda chakula cha leo. Mwenye mmumunye anapoteza mchavushaji. Mara nyingi wote wawili ni mtu mmoja, na matuta yako mita tatu kutoka kwenye ukuta wenye mtambao.

Kwa bustani ya nyumbani suluhisho halihitaji dawa. Kiwavi huyo ni mkubwa, anaonekana, na huacha kinyesi cheusi chini ya jani alilokalia. Anaokotwa kwa mkono. Ukichimbua tuta baada ya kuvuna utamkuta katika hali ya pupa wa kahawia, na hapo kuku watamaliza kazi. Nyigu na ndege huwapunguza wengine, mradi nao hawajapuliziwa.

Kibaya zaidi ni kupulizia jioni, iwe dawa ya viwavi au ya mbu wa nje. Saa 12 hadi saa 2 usiku ndiyo saa ya nondo kutoka. Dawa inayotua juu ya ua lililofunguka haimchagui adui.

Papai nalo limo

Huenda msomaji asiye na mmumunye wala mpungate akaona haya hayamhusu. Amtazame mpapai wake. Ua la mpapai ni la rangi ya maziwa, lina harufu, na mgeni wake mkuu katika mashamba ya Kenya ni nondo wa ukoo huu huu. Dino Martins na Steven Johnson walilionyesha hilo katika utafiti wao wa mwaka 2009, na wakaeleza kwamba umbali kutoka shambani hadi kwenye uoto wa asili, na hali ya uoto huo, vinaathiri uchavushaji.

Kuna siri moja katika mpapai. Mti dume una nekta. Mti jike hauna. Nondo hulifikia ua jike kwa kudhani ni dume, huacha chavua na kuondoka mikono mitupu. Nondo wanaoishi kwa kudanganywa hawawezi kudumu mahali hapo bila chakula kingine.

Hapo ndipo mtambao wa maua ya usiku unapoacha kuwa pambo. Ukutani unanukia, lakini pia unawalisha wadudu wanaozalisha papai la nyumba ya tatu mbele. Katika mitaa ambako vichaka vimekwisha na kila kiwanja kimewekwa vitofali, ukuta wenye maua unashika nafasi ya uoto wa asili, hata kama mmea wenyewe ulitoka Asia au Mexico.

> Mpapai jike hauna nekta. Nondo anayeufikia lazima awe amelishwa kwingine.

Anayetaka kupanda

Asumini huoteshwa kwa vipandikizi vya urefu wa shubiri, kwenye udongo wenye unyevu na kivuli chepesi, kisha huhamishiwa kwenye jua. Ikatwe baada ya kila mkupuo wa maua, kwa sababu hutoa matumba kwenye machipukizi mapya.

Mbegu ya Ipomoea alba ni ngumu. Ikwaruzwe kwa msasa au ikatwe kidogo ganda, ilowekwe usiku mmoja, ndipo ipandwe mvua za masika zinapoanza. Ina nguvu; isiachiwe mwembe wala mnazi mchanga, na isitupwe kwenye makorongo, maana katika nchi za joto huweza kufunika miti mingine. Kichanja cha mabomba au waya uliokazwa kwenye nguzo kinaitosha.

Mpungate wa pitaya hupandwa kwa kipande cha shina kilichoachwa kivulini siku kadhaa hadi kidonda kikauke. Uhitaji wake mkubwa ni nguzo imara, kwa sababu ukikomaa ni mzito, na udongo usiotuamisha maji. Anayepanda aina nyekundu apande angalau aina mbili tofauti.

Mmumunye unataka shimo la samadi iliyooza, maji na kichanja. Mbolea ya kukuzia ikizidi, mmea hutoa majani mengi na maua machache. Busta haina maana pale tatizo ni chavua.

Na pale nondo wasipofika, mkono unafaa. Jioni maua yakishafunguka, chuma ua dume, bandua petali, kisha sugua kichwa chake chenye chavua katikati ya ua jike. Dume moja linatosha majike mawili au matatu. Kitunda kilichopokea chavua huanza kunenepa siku chache baadaye badala ya kugeuka njano. Hilo pia ni jaribio la kumpima mgonjwa: kikinenepa, mmea ulikuwa mzima, na kilichokosekana ni mgeni.

Harufu nayo ipimwe. Kuna watu ambao harufu nzito huwaumiza kichwa au kuwabana kifua. Mtambao ukae upande wa kibaraza au njia ya geti, mita kadhaa kutoka chumba cha kulala.

Ukuta hauzuii mwanga

Kuhusu taa, ugomvi wa mwenye bustani na mlinzi unamalizika kwa mambo matatu yasiyo na gharama kubwa. La kwanza ni kuielekeza chini. Taa inayotazama mbali humulika angani na kwenye macho ya mlinzi mwenyewe, ikaacha kivuli kizito chini ya ukuta. Kofia ya bati juu yake hurudisha mwanga ardhini, ambako mwizi anakanyaga.

La pili ni rangi. Mwanga mweupe wenye ubuluu huwavuta nondo zaidi kuliko mwanga wa njano iliyokolea. Balbu ya njano inapatikana kwenye maduka yale yale. La tatu ni kutumia taa zinazojiwasha mtu akipita. Mlinzi hupata ishara, na maua hupata giza kwa saa nyingi za usiku.

Linalobaki gumu ni la jirani. Mwenye bustani anaweza kuzima zake zote na bado akamulikwa na taa kubwa ya nyumba ya pili. Tawi la mwembe likivuka ukuta tunajua la kufanya: tunazungumza, linakatwa, na wakishindwana mwenyekiti wa mtaa huitwa. Muziki wa harusi ukizidi tunajua pa kulalamika. Mwanga unaovuka ukuta bado hatujauweka katika orodha hiyo, labda kwa sababu miaka mingi tuliyokaa na giza ilitufanya tuone kila taa kuwa neema.

Serikali za mitaa zinapofunga taa za barabarani, na kamati za ulinzi shirikishi zinapowahimiza wakazi kumulika nyumba zao, ni wakati huo ambapo kofia ya bati na balbu ya njano hugharimu kidogo. Baada ya nguzo mia kusimama, kubadilisha ni bajeti nyingine.

Kwa mwenye kiwanja kimoja, utaratibu ni mfupi. Jioni ya leo asimame chini ya mtambao wake, au mahali anapotaka kuupanda, atazame ni taa zipi zinazomfikia usoni. Zilizo zake azigeuze wiki hii. Iliyo ya jirani, aende kuizungumza kabla ya kununua mbegu, na akienda achukue mumunye moja la sokoni: mazungumzo ya taa ni rahisi zaidi mtu anapojua atafaidika nini.